Kupiga picha nyuzi na kalsiamu kwenye tishu laini: mwongozo kamili, kuanzia chupa ya formalini mpaka namba

Swali la kwanza ambalo watu wanauliza kwenye hii kazi ni "nitumie maikroskopu gani", na kiukweli hilo ndo la mwisho kuuliza, maana kalsiamu ukishaipoteza kwenye chupa ya formalini hakuna maikroskopu itakayokurudishia hata iwe ya bei gani. Kwa hiyo huu mwongozo naanzia chini kabisa, sampuli ikitoka, alafu tunapanda taratibu. Nikisema nyuzi namaanisha kolajeni na elastini, na nikisema tishu laini namaanisha kano, ligamenti, ngozi, ukuta wa ateri, vali za moyo, yani sehemu ambazo kwa kawaida hazitakiwi kuwa na madini lakini ugonjwa au umri unayaleta. Na nachukulia kwamba vibali vya maadili vya kutumia hiyo sampuli unavyo tayari, kama huna simama hapo kwanza.

Hatua ya 1: jua unatafuta nini kabla hujashika kisu

Kuna maswali matatu tofauti na watu wanayachanganya sana. Nyuzi zimepangwaje? Madini yako wapi ukilinganisha na hizo nyuzi? Na hayo madini ni ya aina gani? La kwanza linajibiwa na rangi pamoja na mwanga wa polaraizesheni (mwanga uliochujwa utetemeke upande mmoja tu), la pili linataka seksheni (vipande vyembamba vya tishu) zinazofuatana au mbinu inayoona vyote viwili kwa pamoja, la tatu rangi peke yake haiwezi kulijibu, hapo utahitaji maikroskopu ya elektroni au Raman (mbinu ya leza inayotambua aina ya molekuli). Ukiliandika swali lako kwenye karatasi kabla, utaona nusu ya mashine ulizokuwa unazitamani huzihitaji.

Jua pia unaangalia ngazi gani. Fibrili moja ya kolajeni, yani kauzi kadogo kabisa, ina kipenyo cha nanomita kama 20 mpaka 500 hivi na ina mistari inayojirudia kila nanomita 67. Maikroskopu ya mwanga yenye lenzi ya NA (uwezo wa lenzi kukusanya mwanga) 0.75 kwenye mwanga wa nanomita 550 inatenganisha vitu vilivyoachana maikromita 0.45 hivi (chukua 0.61 mara urefu wa wimbi, gawanya kwa NA). Maana yake fibrili moja moja huzioni, unachokiona ni mafungu ya fibrili. Ile mistari ya nanomita 67 ni kazi ya maikroskopu ya elektroni, usiitafute kwenye lenzi ya kukuza mara 40.

Hatua ya 2: kutoa sampuli bila kuharibu mpangilio

Nyuzi zina tabia ya kujikunja ukizitoa kwenye mkazo wake. Kano ukilikata na kulitupia kwenye chupa likiwa limelegea, yale mawimbi yake yatabadilika na utakuja kuripoti mawimbi uliyoyatengeneza mwenyewe. Libane pande mbili likiwa limenyooka kidogo, sio kulivuta, ndo liingie kwenye dawa. Ateri nayo isipojazwa kwa shinikizo inasinyaa, tabaka za elastini zinakuwa na mikunjo mikunjo, kwa hiyo kama unaweza ifiksi (ihifadhi kwa dawa) kwa shinikizo la karibu na la kawaida la mwili, kama milimita 100 za zebaki. Kama haiwezekani sawa, ila andika kwamba haikujazwa na sampuli zote zifanyiwe hivohivo.

Weka alama ya mwelekeo. Wino wa tishu upande mmoja, uzi wa kushonea upande mwingine, chochote, ila ujue juu ni wapi na mbele ni wapi. Kwenye vali ya aota hili ni la lazima, kwa sababu tabaka la upande wa aota limejaa kolajeni inayozunguka, upande wa ventrikali una elastini nyingi inayoelekea kwenye ukingo, katikati kuna tabaka laini, na madini mara nyingi huanzia upande wa aota. Ukichanganya pande hizo mbili kazi yote imekwisha hapo.

Kama una maikro-CT (skani ya eksirei ya vitu vidogo) karibu, huu ndo wakati wake, kabla ya kitu kingine chochote. Inakuonyesha madonge ya madini yako wapi bila kukata, unajua pa kupitisha kisu, na picha hiyo inabaki kama ushahidi kwamba madini yalikuwepo. Skani ya kwanza iwe bila rangi yoyote. Iodini au asidi ya fosfotangsti zinasaidia kuonyesha tishu laini lakini zenyewe zinang'aa na zitakuficha kalsiamu, na hiyo asidi inaweza hata kuiyeyusha, kwa hiyo zije baadae.

Hatua ya 3: formalini, hapa ndo watu wanapotea

Tumia formalini ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi zinazozuia pH isibadilike), pH karibu na 7. Hiyo asilimia 10 ni formaldehaidi kama asilimia 4 tu, ndo inavyoitwa kwenye maabara. Neno muhimu ni bafa. Formalini isiyo na bafa ikikaa inatengeneza asidi ya fomiki, na asidi ya fomiki ni ileile tunayoitumia makusudi kutoa kalsiamu kwenye mfupa, sasa fikiria vipunje vidogo vya maikromita mbili tatu vitakuwa na hali gani humo ndani. Pima pH ya chupa yako, usiamini lebo. Na usitumie dawa ya Bouin kabisa kwa kazi hii, ina asidi ya pikriki na asidi ya asetiki, kwa nyuzi ni nzuri ila kalsiamu itaondoka.

Kipande kisizidi unene wa milimita 3 mpaka 5, dawa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu, 20 ni bora. Masaa 24 yanatosha kwa vipande vya kawaida, baada ya hapo hamishia kwenye etanoli ya asilimia 70. Sampuli iliyokaa formalini miezi mitatu usiitegemee kwa vipunje vidogo.

Alafu kuna hii ya maabara za hospitali: fundi akiona kipande kigumu, kwa nia njema kabisa anakitia kwenye dawa ya kutoa kalsiamu ili kikatike vizuri. Andika kwenye chupa, kwenye fomu, na kwenye kaseti kwa penseli: USITOE KALSIAMU. Alafu nenda umwambie kwa mdomo pia.

Hatua ya 4: kukata

Njia ya kawaida ni kupitisha kwenye etanoli inayopanda, zailini, alafu parafini. Mikrotomu (mashine ya kukata seksheni) iwekwe maikromita 4 au 5, na uchague unene mmoja ubaki nao mpaka mwisho wa mradi, kwa sababu rangi utakazoziona kwenye polaraizesheni zinategemea unene, tutafika huko.

Donge gumu ndani ya tishu laini ni kama jiwe kwenye mkate: kisu kikilifikia linang'oka na kuburuza kila kitu nyuma yake. Utaona mistari iliyochanika na tundu tupu ambalo pembeni yake kuna vipande vimetapakaa. Poza bloku (parafini yenye tishu ndani) kwenye barafu, tumia blade mpya, zungusha bloku ili kisu kifike kwenye donge mwisho, kata polepole. Ikigoma bado, kuna utepe maalumu wa kunata unaobandikwa juu ya bloku iliyogandishwa kabla ya kukata ili seksheni ishikiliwe nzima, au uende kwenye resini ya methakrileti na kisu cha tangsteni kabaidi. Resini inachukua siku nyingi ila kwa madonge makubwa naona ndo suluhisho la heshima.

Tumia slaidi zenye chaji ya umeme ili seksheni isibanduke, na usiiache ikaelea kwenye maji ya uvuguvugu muda mrefu.

Kata seksheni zinazofuatana na uzipe namba kabla: ya kwanza hematoksilini na eosini, ya pili rangi ya kolajeni, ya tatu elastini, ya nne na ya tano madini, alafu mbili tatu zibaki tupu bila rangi. Hizo tupu usizidharau, ndo zitakazoenda kwenye leza na elektroni. Kumbuka pia seksheni tano za maikromita 5 ni maikromita 25 tayari, kipunje cha maikromita 3 kilichopo kwenye ya nne hakitakuwepo kwenye ya tano, kwa hiyo kutokiona sio kosa la rangi.

Hatua ya 5: rangi za nyuzi

Kwa kolajeni mi napendekeza pikrosirius nyekundu mbele ya nyingine zote kama lengo ni kupima. Ni Sirius nyekundu F3B asilimia 0.1 kwenye pikriki iliyoshiba, unaacha saa 1, unasuuza mara mbili kwenye maji yenye asidi ya asetiki asilimia 0.5, unakung'uta maji yote, unaenda moja kwa moja kwenye etanoli kavu mara tatu, zailini, unafunika. Usisuuze kwa maji ya kawaida, rangi inatoka. Na pikriki ikikauka inaweza kulipuka, kwa hiyo chupa yake ibaki na unyevu na mfuniko uwe safi, hili sio la utani.

Masson trikromu inapendeza machoni, kolajeni bluu na misuli nyekundu, madaktari wa patholojia wameizoea, ila rangi zinabadilika sana kati ya siku na siku na kati ya mkono na mkono. Kwa kuonyesha ni sawa. Kwa kuhesabu asilimia mi hapana.

Elastini tumia Verhoeff pamoja na Van Gieson: elastini nyeusi, kolajeni nyekundu, mengine manjano. Verhoeff unapaka kupita kiasi alafu unapunguza na feriki kloraidi ya asilimia 2 huku ukichungulia kwenye maikroskopu kila sekunde chache. Ukizidisha nyuzi nyembamba zinafutika. Acha ikiwa nyeusi kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu Van Gieson nayo inaendelea kuipunguza. Kwenye ateri hii slaidi usiiruke, maana kwenye ugonjwa wa madini ya tabaka la kati, madini hayo yanafuata mistari ya elastini.

Jambo moja ambalo watu wanalisahau: pikrosirius na Van Gieson ni za asidi, kwa hiyo slaidi hizo hazikuambii chochote kuhusu kalsiamu. Usiangalie slaidi ya pikrosirius ukasema "hakuna madini hapa".

Hatua ya 6: rangi za madini, na kwa nini ziwe mbili

Kwenye hematoksilini na eosini madini yanaonekana zambarau ya kukolea, bluu bluu, ila vumbi la hematoksilini nalo linafanana hivohivo. Hiyo ni ya kukupa wasiwasi tu, sio jibu.

Von Kossa ni ya tangu 1901 na bado inafanya kazi. Nitrati ya fedha asilimia 1 mpaka 5, weka chini ya taa kali au UV dakika 20 mpaka 60 ukichungulia, suuza vizuri, thayosalfeti ya sodiamu asilimia 5 kwa dakika 5, alafu nyuklia fasti redi kwa ajili ya viini. Madini yanakuwa meusi. Maji yote yawe distili, kwa sababu kloraidi ya maji ya bomba itaungana na fedha na utapata uchafu slaidi nzima, na koleo za chuma zikae mbali. Sasa sikiliza vizuri: hii rangi haikamati kalsiamu. Fedha inaungana na fosfeti au kaboneti, na vitu vingine kama melanini navyo vinaweza kuwa vyeusi. Kwa hiyo von Kossa peke yake sio uthibitisho wa kalsiamu hata kama kila mtu anaandika hivo.

Ndo maana unaweka alizarini nyekundu S pembeni yake. Asilimia 2, pH irekebishwe iwe 4.1 mpaka 4.3 kwa amonia, na pima kwa mita sio kwa karatasi, kwa sababu pH ndo kila kitu hapa. Sekunde 30 mpaka dakika 5, simama ikiwa nyekundu ya machungwa, kisha asetoni, asetoni na zailini, zailini, funika. Hii inashika kalsiamu yenyewe. Nyeusi kwenye von Kossa na nyekundu kwenye alizarini, sehemu ileile, hapo una haki ya kuandika madini ya kalsiamu, kwa kawaida fosfeti, ila kaboneti hujaiondoa.

Oksaleti ya kalsiamu ni mjanja: kwenye alizarini ya pH 4.2 haipaki, kwenye pH 7 inapaka, na kwenye polaraizesheni inang'aa yenyewe hata bila rangi wakati vipunje vya kawaida vya fosfeti having'ai. Ukiona kristali zinazong'aa ambazo von Kossa imezikataa, fikiria hiyo kwanza.

Na kontroli (slaidi za kulinganishia) jamani. Moja ambayo unajua ina madini, na nyingine ni seksheni ya sampuli yako hiyohiyo uliyoitia makusudi kwenye EDTA (dawa inayovuta kalsiamu) au asidi ya fomiki mpaka madini yatoke. Kama bado inapaka baada ya hapo, ulichokuwa unakiona sio kalsiamu.

Hatua ya 7: kamera na polaraizesheni

Rekebisha mwanga kwa njia ya Köhler (ili eneo lote liangazwe sawasawa), piga picha moja ya sehemu tupu ya slaidi kwa ajili ya kusawazisha, funga weupe na muda wa kamera, na usiviguse tena mpaka sampuli zote ziishe. Zima marekebisho yote ya otomatiki ya kamera. Hifadhi TIFF, JPEG inakula kingo za nyuzi. Pikseli yako iwe nusu au chini ya nusu ya kile lenzi inachoweza kutenganisha, kwa NA 0.75 ya pale juu ni kama maikromita 0.2. Skeli usiihesabu kichwani, piga picha ya slaidi ya vipimo kwa kila lenzi.

Pikrosirius kwenye polaraiza mbili zilizopishana inawaka: mafungu manene nyekundu na machungwa, membamba kijani. Utasoma sehemu nyingi kwamba nyekundu ni kolajeni ya aina ya I na kijani ni ya III. Achana nayo. Rangi hiyo inafuata unene wa fungu, ulivyobanana, na mwelekeo wake, na unene wa seksheni nao unaisogeza. Ukitaka aina, nenda kwenye antibodi.

Shida nyingine ni kwamba nyuzi zilizolala sambamba na polaraiza zinapotea kabisa, zinang'aa zaidi zikiwa digrii 45. Kwa hiyo picha moja itakudanganya kwamba nyuzi za mwelekeo mmoja hazipo. Suluhisho ni mawili, ama uzungushe meza na kupiga picha kadhaa ukaziunganisha, ama uweke bamba mbili za robo ya wimbi upate polaraizesheni ya duara, ambayo haijali nyuzi zimelala wapi kwenye seksheni. Ya pili ni rahisi zaidi na bamba zenyewe sio ghali ukilinganisha na mengine yote. Zile zilizosimama kuja machoni kwako bado hazitaonekana, hilo halina dawa hapa.

Hatua ya 8: leza bila rangi

Kama unaweza kufika kwenye maikroskopu ya fotoni mbili, hii ndo njia safi kuliko zote kwa nyuzi. Kolajeni haina ulinganifu wa katikati, kwa hiyo inachukua fotoni mbili za leza na kutoa moja yenye nusu ya urefu wa wimbi. Ukipiga kwa nanomita 840 unapokea 420 kamili. Freund na wenzake walitumia mbinu hii kwenye kano la mkia wa panya mwaka 1986, na mpaka leo mkia wa panya ni kontroli nzuri. Kolajeni I inang'aa sana, III kidogo, IV hakuna kitu. Elastini haitoi ishara hii ila inafluoresi (inatoa mwanga) yenyewe, kwa hiyo chaneli ya pili yenye kichujio cha nanomita 500 na kidogo inakupa elastini bure.

Uhakika wake ni rahisi: badilisha leza kwenda 880, ishara ya kweli itahamia 440. Fluoresensi haiwezi kukufuata hivo. Kama tishu ni nyembamba pokea ishara ya mbele pia, sio ya kurudi tu, maana zinabeba taarifa tofauti.

Madini humo mara nyingi yanaonekana kama tundu jeusi katikati ya nyuzi. Tundu jeusi linaweza pia kuwa mafuta, au mahali seksheni ilipochanika, kwa hiyo baada ya leza chukua slaidi hiyohiyo uipake alizarini, rudi palepale. Leza haijaharibu kitu, ndo raha yake. Utaratibu wangu siku zote ni huo: mbinu isiyogusa kwanza, rangi baadae, elektroni mwisho.

Hatua ya 9: elektroni na Raman, kama swali ni "madini gani"

Kwenye SEM (maikroskopu ya elektroni inayoskani uso wa sampuli) tumia elektroni zinazorudi nyuma, kalsiamu ina namba ya atomu 20 na kaboni 6, kwa hiyo madini yanawaka meupe na nyuzi zinabaki kijivu. Bertazzo na wenzake mwaka 2013 walitumia mbinu ya aina hii kwenye vali na ateri za binadamu, wakaweka rangi kwa kuchanganya ishara mbili, na wakaonyesha vipunje vya mviringo vya fosfeti ya kalsiamu hata kwenye tishu ambazo hazikuonekana na ugonjwa. Seksheni ya parafini uliyoitoa nta inatosha, sio lazima sampuli mpya.

Ukitaka kusoma elementi kwa eksirei, mstari wa kalsiamu uko 3.69 keV (kipimo cha nishati) na wa fosforasi 2.01. Sasa hapa kuna mtego: dhahabu iko 2.12, platinamu 2.05, osmiamu 1.91. Ukiipaka sampuli dhahabu umeifunika fosforasi yako na uwiano utakaopata ni wa kubuni. Paka kaboni. Na osha bafa ya fosfeti vizuri au tumia nyingine kabisa, la sivyo unapima bafa. Haidroksiapataiti safi ina uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi wa atomu 1.67, ila kwenye seksheni isiyo bapa namba hiyo inayumba, kwa hiyo usiijengee hoja nzima juu yake.

TEM (maikroskopu ya elektroni zinazopenya sampuli) inakupa ile mistari ya nanomita 67 na kristali zenyewe, lakini urani asetati ni ya asidi na inaweza kuyeyusha kristali ndogo, acha gridi kadhaa bila rangi. Raman ni ya kutulia zaidi: fosfeti ya apataiti ina kilele karibu na 960 kwa sentimita, kolajeni ina cha amaidi karibu na 1660, unavipata vyote kwenye nukta moja. Toa parafini yote kwanza, ina vilele vyake vikali.

Hatua ya 10: kugeuza picha kuwa namba

Fiji, programu ya kuchambua picha, inatosha na ni bure. Kwa madini, tenganisha rangi, weka kizingiti kwa njia moja kama Otsu (hesabu inayochagua kizingiti yenyewe), na kizingiti hicho kikaguliwe kwenye kontroli zote mbili. Slaidi isiyo na madini kabisa Otsu itakulazimishia kitu hata hivyo, hapo tumia kizingiti cha kudumu ulichokipata kwenye kontroli chanya.

Kwa nyuzi, OrientationJ (nyongeza ya Fiji) inakupa mwelekeo na kiwango cha kufuatana kutoka 0 mpaka 1, programu ya CT-FIRE inachora uzi mmoja mmoja na kukupa urefu, upana na unyoofu. Mwelekeo usiupige wastani wa kawaida. Uzi wa digrii 2 na wa digrii 178 karibu wamelala pamoja, ila wastani wa darasani utakuambia 90, yani kinyume kabisa. Zidisha pembe mara mbili, chukua wastani wa duara, gawanya kwa mbili.

Kuunganisha ramani mbili, linganisha seksheni zinazofuatana kwa kuzisajili kwenye Fiji ukitumia vitu visivyobadilika kama ukingo wa mshipa, alafu tengeneza ramani ya umbali kutoka kwenye kila donge na upime mpangilio wa nyuzi kwa pete: maikromita 0 mpaka 20, 20 mpaka 50, 50 mpaka 100. Pete ya kwanza iangalie kwa jicho la mashaka, maana hapo ndo kisu kilipoburuza na nyuzi zimevurugwa na blade sio na ugonjwa. Ukiona mistari ya mkwaruzo inatoka kwenye donge kwa mwelekeo wa kisu, toa hiyo sehemu na useme umeitoa.

Hesabu yako ya sampuli ni idadi ya watu au wanyama, sio idadi ya picha, picha 40 za vali moja ni n ya 1. Anayepima asijue slaidi ni ya kundi gani, majina ya faili yabadilishwe na mtu mwingine. Picha ghafi zihifadhiwe kando bila kuguswa pamoja na bloku lenyewe, kwa sababu swali la "je ni oksaleti?" huwa linakuja baadae sana, na bloku likiwepo bado unaweza kukata seksheni nyingine ukajibu.